Kabla ya Kuwapa Watu wa Msitu Miungu, Wape Historia

Katika hadithi nyingi za fantasia, watu wa msituni ni wale wale. Wanaishi kwa amani na miti, wanaongea na ndege, hawana ugomvi wala madeni, na msitu wao upo tangu dunia iumbwe. Shujaa akipita wanampa dawa, wanambariki, anaendelea na safari. Ukifunga kitabu humkumbuki hata mmoja wao.

Mimi naandika hadithi za namna hii, na watu ninaowapenda kuliko wote katika ulimwengu wangu wa kubuni ni Wamvule, wanaoishi kwenye miteremko iliyojaa mivule. Ushauri wangu kwa yeyote anayetaka kuumba watu kama hao ni kwamba, kabla hujawatungia miungu na nyimbo, uwaandikie historia. Walifikaje humo msituni? Walimkimbia nani? Walimkuta nani? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayokupa miungu na nyimbo baadaye.

Mwalimu wangu mkubwa katika hili ni kaya, yaani vijiji vya kale vilivyojengwa ndani ya misitu, za Mijikenda, makabila tisa ya pwani ya Kenya. Simulizi za wazee zinasema mababu walitoka Singwaya, upande wa kaskazini, wakashuka kusini wakiwakimbia maadui. Walipofika nyuma ya pwani ya Kenya walichagua vilima vyenye msitu mnene, wakajenga vijiji katikati, wakazungushia uzio, wakaacha njia chache nyembamba zenye malango. Mahali pa siri wakazika fingo, kinga ya mji. Wakati huo msitu ulikuwa ngome. Aliyekata miti ya pembeni alikuwa anawafungulia maadui njia, na kijiji kizima kilikuwa na sababu ya kumkalisha chini.

Karne ya 19 hatari ilipopungua, watu walianza kutoka kwenda kulima na kufanya biashara, na kufikia miaka ya 1940 kaya zilikuwa zimehamwa. Lakini makaburi ya mababu yalibaki mle ndani, fingo zilibaki, na wazee wakaendelea kuzilinda. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya 10 katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ukiingia Kaya Kinondo, karibu na Diani, unafungwa kaniki kiunoni kwanza, na unaambiwa usiokote kitu. Hata jani kavu lililodondoka lenyewe unaliacha hapo hapo. Niliposimama mle chini ya miti, kwenye kigiza cha mchana, nilielewa jambo ambalo vitabu havikuwa vimenionyesha: heshima ile ina tabaka. Chini kabisa kuna hofu ya adui, juu yake kuna ngome, juu yake kuna makaburi, na utakatifu umeota juu ya vyote hivyo.

Wamvule niliwajenga kwa mpangilio huo. Babu zao walikuwa wakulima wa bondeni waliokimbia jeshi la mfalme wao wenyewe. Waliingia msituni bila kuujua. Walikula matunda yaliyowaua watoto, walilala kwenye mapito ya tembo. Waliokuwa wakiishi humo kabla yao, wawindaji wachache, ndio waliowafundisha mzizi upi unaliwa na upi unapakwa mshale, na malipo ya elimu hiyo hayajakamilika hadi leo. Deni hilo ndilo linaloendesha nusu ya hadithi yangu. Watu wasio na deni kwa mtu hawana cha kusimuliwa.

Jambo la pili: kila mwiko uwe na tukio lililouzaa, na uwe na adhabu. Kwa Wamvule ni marufuku kuchoma mkaa upande wa mashariki wa mlima. Kizazi cha tatu kiliufyeka upande huo kuwauzia mkaa wafua chuma wa bondeni, chemchemi ikakauka, na ukoo mmoja ukahama na haukurudi. Mwandishi akisema tu kwamba watu wake "wanaheshimu miti", msomaji haoni kitu. Akisema kwamba faini ya mvule ni mbuzi, na kwamba mzee fulani analipa mbuzi wake kila mwaka kwa sababu anahitaji mbao na haogopi mtu, hapo tuna binadamu.

Tena usiwafanye wote wawe na tabia moja kwa mnyama au ndege. Chukua mlembe, yule ndege mdogo wa rangi ya kijivu anayewaongoza watu kwenye mizinga ya nyuki wa porini. Anakuja karibu, anapiga kelele mfululizo, anaruka mti mmoja hadi mwingine akikusubiri. Mtu anawafukiza nyuki, anapasua mti, anatoa asali, na ndege anapata nta na mabuu. Wahadzabe, wawindaji wa karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, humwita kwa mluzi. Wayao wa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, wana mlio wao wa kukoroma unaoishia na mguno mfupi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba ukitumia mlio huo, uwezekano wa ndege kukufikisha kwenye asali unapanda kutoka asilimia 16 hivi hadi 54. Sasa angalia tofauti yao. Wayao humwekea ndege nta yake vizuri juu ya majani mabichi, kama malipo. Wahadzabe mara nyingi huyachoma au kuyafukia masega yaliyobaki, ndege abaki na njaa aendelee kuongoza. Ndege ni mmoja, asali ni moja, na kila jamii ina hesabu yake. Wote wanamjua ndege yule kuliko mtu yeyote wa mjini atakavyowahi kumjua. Hili ndilo ninalotaka mwandishi alione: kufungamana na mazingira ni maarifa na mapatano, na mapatano huwa na mvutano ndani yake.

Biashara nisiisahau. Karibu kila jamii ya porini imebadilishana vitu na majirani zake. Waogiek, warina asali wa msitu wa Mau nchini Kenya, walitoa asali kwa Wamaasai, Wahadzabe hutoa asali na nyama wapate chuma cha vichwa vya mishale. Waandikie watu wako soko, hata kama ni jiwe tu mpakani ambapo mtu huacha asali na kukuta chumvi.

Halafu suala la adui. Tumezoea adui mwenye shoka na moto, na huyo yupo kweli. Lakini historia ya kwetu ina adui mgumu zaidi kuandika, yule anayekuja kuuokoa msitu. Mwaka 1991 Bwindi na Mgahinga, Uganda, zilipofanywa hifadhi za taifa kwa ajili ya gorila wa milimani na misitu yao, Wabatwa, wawindaji wa misitu hiyo, waliondolewa katika ardhi ya mababu zao. Kenya, mwaka 2009, Waogiek walipewa siku 30 kuondoka msitu wa Mau kwa hoja ya kuhifadhi chanzo cha maji. Walikwenda mahakamani, na tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, iliamua kwamba hoja ya uhifadhi haikutosha kuwafukuza. Mwaka 2022 mahakama hiyo hiyo iliamuru walipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 157 za Kenya. Nikisoma habari hizi moyo unaniuma, kwa sababu aliyeondolewa ndiye anayejua kila mti una nyuki wa nani. Kama unataka mgogoro utakaomnyima msomaji usingizi, mlete msituni afisa mpole, anayependa miti kwa dhati, aliyeshika amri ya kuwahamisha watu.

Na watu wako wakishatoka msituni, usidhani hadithi imekwisha. Mwaka 1913, Wagiriama wengi, ambao ni mojawapo ya Mijikenda, walikuwa wameshaondoka Kaya Fungo zamani, wakiishi na kulima mbali. Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, alipotaka kuwaunganisha dhidi ya kodi na kazi za kulazimishwa za Waingereza, aliwaita warudi kaya ile ile, wakala viapo humo: kiapo kiitwacho mukushekushe kwa wanawake, na kiitwacho fisi kwa wanaume. Waingereza waliuona uzito wa mahali hapo, na mwaka 1914 wakailipua kaya kwa baruti. Hakuna aliyekuwa akilala humo tena, na bado ilibidi ilipuliwe.

Ninaomba jambo moja kwa uzito wote. Mifano hii ni ya watu walio hai. Jifunze jinsi mambo yanavyofanya kazi, kisha tunga ya kwako. Usichukue kiapo cha mtu ukakipa jina jipya, wala usibuni yaliyomo ndani ya fingo ukayaita ya Mijikenda. Vigango, nguzo za Mijikenda za kumbukumbu ya wafu, vimeibwa na kuuzwa hadi Marekani. Mwandishi asiongeze wizi mwingine.

Mwisho, historia hiyo ndefu usiimwage katika sura ya kwanza. Mimi huiweka vinywani mwa watu wanaobishana. Katika sura ninayoipenda, msichana wa Kimvule anamuuliza babu yake kwa nini lango la kaskazini lina mlango na hakuna adui.

"Yupo," babu anasema.

"Yuko wapi, babu? Mimi sijawahi kumwona."

"Wewe funga mlango, mjukuu wangu. Bibi yako atakuambia, ila atakudanganya. Alikuwa upande wao."