Mama ana sukari na presha, alichanjwa AstraZeneca 2021: achanjwe tena au la?

Ndugu yangu, nimelisoma swali lako kwa makini. Mamako amevuka miaka sitini, ana sukari na presha, alidungwa chanjo ya Covid ya AstraZeneca mara mbili mwaka 2021, na sasa daktari wake hapa Mombasa amemshauri achanjwe tena kabla ya kwenda Umra. Yeye hataki, kwa sababu ametumiwa sauti kwenye WhatsApp kwamba chanjo ile iligandisha watu damu mpaka kampuni ikaiondoa. Nawe unauliza kama uogope, na kama zile kanuni za kliniki, barakoa na msindikizaji mmoja, zina maana yoyote leo. Mimi ni nesi, na wakati ule nilikaa kwenye meza ya sindano katika kliniki moja upande wa Majengo. Jibu langu ni kwamba achanjwe, ila kuna kazi ya kufanya kabla ya sindano na baada yake, na kazi hiyo ni yako wewe mwanawe.

Tuanze na damu, maana ndilo linalomsumbua. Ni kweli AstraZeneca ilihusishwa na kuganda kwa damu pamoja na kupungua kwa zile chembe zinazozuia mtu kutokwa na damu. Jambo hilo lilitangazwa mapema mwaka 2021, na sisi mezani tulikuwa tukiwaeleza watu dalili zake: kichwa kuuma vikali bila kutulia, macho kuona ukungu, kifua kubana, mguu kuvimba, madoa mekundu madogo ngozini mbali na palipodungwa. Ni nadra sana, na likimpata mtu humpata ndani ya wiki chache baada ya sindano, si baada ya miaka. Mamako alikwisha kuvuka hatari hiyo zamani. Kampuni iliiondoa sokoni mwaka 2024 ikisema wanunuzi wamepungua kwa kuwa chanjo mpya zimekuwa nyingi. Atakayopewa sasa itakuwa ya aina nyingine, na kuchanganya aina hakuna ubaya.

Kwa nini achanjwe tena? Shirika la Afya Duniani lilipotangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba dharura ya Covid imekwisha, watu wengi walisikia kwamba ugonjwa wenyewe umekwisha. Haukwisha. Kilichobadilika ni nani anayehitaji kuongezewa. Kijana mwenye afya njema hahimizwi tena, lakini wazee, wenye sukari, wenye maradhi ya moyo, wajawazito na sisi wahudumu wa afya bado tumo katika orodha ya wa kwanza. Kinga ya sindano za 2021 imepungua, na mtu wa sukari akipata homa yoyote kali, sukari yake hupanda hata kama hakula kitu. Nimewaona wagonjwa wa namna hiyo, ndiyo maana sisemi "aamue atakavyo" kisha nikanyamaza.

Sasa kazi yako. Mezani tuliuliza maswali: una mzio, umewahi kuvimba au kukosa pumzi baada ya sindano, una homa leo, unatumia dawa gani. Mara nyingi mzee aliulizwa yeye, na aliyejibu ni mwanawe: "Hana kitu, mdunge tu." Bibi mmoja aliletwa na bintiye kwa majibu hayo hayo. Nikamwomba, "Bibi, nionyeshe dawa unazomeza." Akafungua ncha ya leso, akatoa vidonge vilivyokunjwa ndani ya karatasi. Miongoni mwake mlikuwa na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na binti hakujua kwamba mamake alianzishiwa dawa hiyo. Warfarini haimzuii mtu kuchanjwa. Lakini nesi akijua, atatumia sindano nyembamba, na pamba itabanwa kwa nguvu dakika mbili au zaidi bila kusugua. Asipojua, mkono unaweza kuvimba na kuwa mweusi kwa damu iliyovilia, na mtaa mzima utasema ni chanjo. Kwa hivyo usiku wa kabla, kusanya dawa zote za mamako, za hospitali na za kienyeji, uzitie kwenye mfuko mmoja. Mwache ajibu mwenyewe. Wewe ongeza atakachosahau.

Akiamka na homa siku hiyo, ahirisheni. Mafua madogo bila homa si kizuizi. Na avae dera la mikono mipana chini ya buibui. Nimewaona wamama wakihangaika kupandisha mkono uliobana hadi begani mbele za watu, na wapo waliorudi nyumbani kwa haya. Omba nesi wa kike na pembe yenye pazia, hiyo ni haki yake.

Mkiambiwa msubiri, msikasirike. Chupa moja ya AstraZeneca ilikuwa na dozi kumi na ikishafunguliwa iliisha muda baada ya saa sita, kwa hivyo tulingoja watu wafike kumi tusije tukamwaga. Aina nyingine nazo huja kwenye chupa za dozi kadhaa. Bora upige simu mapema kuliko kumkalisha mzee wa sukari kwenye benchi na njaa. Ale, ameze dawa zake kama kawaida, aje na maji.

Baada ya sindano akae hapo hapo dakika kumi na tano, na nusu saa kama ana historia ya mzio mkali. Hilo msilikimbie hata kama tuktuk inapiga honi nje. Mzio mkali ni nadra, lakini ukija huja upesi, na dawa yake iko kliniki, haiko nyumbani. Nyumbani mkono utauma, huenda akapata homa na uchovu siku moja au mbili. Parasetamoli inatosha, na apimwe sukari mara nyingi zaidi siku hizo.

Wengine wanauliza kuhusu Ramadhani. Mufti Mkuu wa Saudia alikwisha kusema mwaka 2021 kwamba sindano hii haibatilishi saumu, maana si chakula wala kinywaji. Hata hivyo kwa mtu wa sukari mimi napenda siku ambayo hafungi, ili homa ikija aweze kunywa maji na dawa.

Kanuni za kliniki zina maana, ila hazilingani uzito. Covid husafiri kwa hewa. Sanitaiza mlangoni ni nzuri, lakini chumba kilichofungwa madirisha, kiyoyozi kinazungusha hewa ile ile na watu ishirini wanakohoa, hicho ndicho kinachoniogopesha. Joto letu la Mombasa nalijua, lakini afadhali feni na dirisha wazi. Mkifika, mketishe karibu na dirisha, avae barakoa iliyofunika pua, na umsindikize wewe peke yako. Ukiwa wewe ndiye unayekohoa, mwambie nduguyo ampeleke.

Akiugua licha ya chanjo, usingoje homa. Mzee huanza kwa kuchanganyikiwa, kukataa chakula, kulala kupita kiasi. Akipumua kwa shida, au kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikisoma chini ya 94, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Habasoda na asali sizikatazi, bora asali isimpandishe sukari, lakini hazishiki nafasi ya oksijeni. Na tafadhali usimnunulie deksamethasoni, ile dawa ya steroidi, kwenye duka la dawa. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2020 ulionyesha inaokoa waliofikia kupewa oksijeni au mashine ya kupumulia, wala haikuwafaa ambao hawajafika hapo. Kwa mtu wa sukari hupandisha sukari vibaya.

Kuhusu Umra, chanjo ya homa ya uti wa mgongo adungwe angalau siku kumi kabla ya kufika Saudia. Ile ya homa ya manjano mwachie daktari aipime kama hajawahi kudungwa, kwa sababu ukishafika miaka sitini, sindano ya kwanza ya hiyo ina hatari kubwa kidogo kuliko kwa kijana. Masharti ya Covid hubadilishwa, muulize wakala wenu kabla ya kukata tiketi.

Kesho asubuhi piga simu kliniki uulize kama chanjo ya Covid ipo, ni ya aina gani, na siku gani yuko nesi wa kike. Ikiwa haipo, uliza hospitali ya Makadara kabla hujamtoa mzee nyumbani. Ukishakusanya dawa zake, ziandike hapa bila kutaja jina lake, nitazipitia moja moja nikwambie ipi ya kumkumbusha nesi.