Re: Nishani ya Kiasia niliyoipata shambani, ni ya nchi gani?

Habari ndugu. Umesema mashine yako ya kutafuta metali imeibua nishani ya rangi ya fedha kwenye shamba huko Kent, Uingereza: msalaba katikati, ndege pembeni, na mgongoni maandishi yaliyosimama wima usiyoweza kuyasoma.

Tafadhali usiisugue. Siki na dawa ya meno hula maandishi, na maandishi ndiyo ushahidi wote ulio nao. Suuza kwa maji matupu, iache ikauke, halafu piga picha ukimulika tochi kutoka ubavuni. Herufi zilizofifia zitatupa kivuli na kujitokeza.

Sasa tafuta alama hizi mbili: 明治. Ukiziona, nishani ni ya Japani, enzi ya Meiji, na namba inayofuata ukiijumlisha na 1867 unapata mwaka wa kalenda yetu. Ikiwa ni 大正 (Taisho) jumlisha 1911, na 昭和 (Showa) 1925. Maandishi ya ulalo ya zamani yasome kutoka kulia.

Kwa huo msalaba na ndege, mimi naelemea nishani ya uanachama wa Msalaba Mwekundu wa Japani. Linganisha mgongo wake na 日本赤十字社 (Shirika la Msalaba Mwekundu la Japani) na 明治二十一年. Hiyo ya pili ni Meiji 21, yaani 1888, mwaka nishani ilipoanzishwa. Usidhani ndipo yako ilipotolewa, kwani waliendelea kuwapa wanachama miaka mingi baadaye.

Mwenye shamba umemwambia? Mjulishe mapema, kisha weka hapa picha ya mgongo.