Habari zake ninazo, je, namjua?

SWALI: Nina chumba cha kupangisha Sinza. Dalali amenitumia jina la mpangaji, kazi yake, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na picha. Mke wangu anasema bado hatumjui. Tunakosa nini?

JIBU: Mkeo ana hoja, ndugu msomaji. Ulichonacho ni habari za mtu, na habari husafiri: dalali akikutumia wewe, nawe ukimtumia shemeji, wote mna kitu kilekile. Kumjua mtu hakutumwi kwa simu. Lazima mkutane, naye apate nafasi ya kukuuliza na kukujibu. Mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell alizitenganisha elimu hizi mbili mwaka 1911, ingawa kwa ukali wake hata jirani humjui moja kwa moja, ila kupitia unachokiona na kukisikia. Hapo, kwa maoni yetu, alizidisha.

Basi muone mara mbili. Mara ya kwanza watu huja wamejipanga. Ya pili, sogeza saa ya kukutana au mkatalie ombi dogo, umtazame anavyolipokea. Kitambulisho usikiache, lakini. Hata uliyezoea kuketi naye barazani miaka 10 anaweza kuwa na deni la kodi alikotoka, na hilo atakwambia mwenye nyumba wake wa zamani. Mpigie.