Mafuta ya samaki kwa mwenye ugonjwa wa moyo: jibu kwa mleta mada

Mleta mada anauliza kama baba yake, aliyepata mshtuko wa moyo na kuwekewa stenti (kijibomba cha wavu kinachoushikilia mshipa wa moyo uwe wazi), anaweza kuacha dawa ya kushusha lehemu (kolesteroli) na kutumia kapsuli za mafuta ya samaki alizouziwa kwa maelezo kwamba zinazibua mishipa. Mimi pia ninaishi na stenti, na kapsuli hizo nimewahi kuzitumia. Jibu langu ni kwamba asiache dawa hata kidogo. Mafuta hayo hayazibui mshipa uliokwisha kuziba.

Nilipompelekea daktari wangu chupa yangu, aliigeuza na kusoma maandishi madogo ya nyuma. Mbele iliandikwa miligramu 1,000, lakini omega-3 yenyewe, yaani EPA na DHA (aina mbili za mafuta hayo zinazopatikana kwenye samaki) kwa pamoja, ilikuwa miligramu 300 tu. Kilichobaki ni mafuta mengine. Nashauri kila mwenye chupa nyumbani aisome upande huo kabla ya kuendelea kubishana hapa.

Sifa za mafuta haya hazikuzuka hewani. Mwaka 1999 utafiti wa GISSI wa Italia, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 11,000 waliokuwa wametoka kupata mshtuko wa moyo, ulionyesha kwamba gramu 1 ya omega-3 kwa siku ilipunguza vifo. Ila wakati utafiti ule unaanza, wagonjwa wachache sana walikuwa wakitumia dawa za lehemu. Tafiti za baadaye, ambazo wagonjwa wake tayari walikuwa kwenye tiba ya kisasa, hazikuona nafuu hiyo. Mmojawapo ni ule wa Norway wa mwaka 2020 uliofanywa kwa wazee waliopona mshtuko.

Wanaotetea kapsuli huutaja utafiti wa REDUCE-IT, na kweli matokeo yake ni mazito: matukio ya moyo na kiharusi yalipungua kwa takriban robo. Lakini waliopimwa walikuwa na trigliseridi (aina ya mafuta kwenye damu) zilizo juu, waliendelea na dawa zao za lehemu, na walipewa gramu 4 kwa siku za EPA iliyosafishwa, ambayo ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Kuifikia gramu 4 kwa chupa kama yangu kungehitaji kapsuli zaidi ya 13 kwa siku, na bado zingekuwa na mchanganyiko mwingine. Tena utafiti wa STRENGTH, uliotumia gramu 4 za EPA na DHA kwa pamoja, ulisimamishwa mapema kwa sababu haukuonyesha faida, na wataalamu wengine wanasema mafuta ya madini waliyopewa wale wa REDUCE-IT wasiopewa EPA, kwa kulinganisha, huenda yaliwadhuru na ndiyo yaliyoikuza tofauti.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni kwamba dozi kubwa huongeza uwezekano wa mapigo ya moyo kwenda mrama. Katika REDUCE-IT, waliolazwa kwa tatizo hilo walikuwa asilimia 3.1, dhidi ya 2.1 ya wenzao wasiopewa EPA. Damu kutoka nako kuliongezeka kidogo, na baba yako, kwa kuwa ana stenti, bila shaka anameza aspirini na pengine klopidogreli, dawa za kuzuia damu kuganda ambazo nazo huongeza kutoka damu. Akianza kuhisi moyo unadunda ovyo, aende hospitali na chupa hiyo mkononi.

Samaki mwenyewe sina ugomvi naye: vibua au dagaa mara mbili kwa wiki, wa kuchemsha au wa nazi nyepesi, si wa kukaangwa kwenye mafuta yaliyotumika tangu juzi. Ukiwa na majibu ya kipimo chake cha trigliseridi, mwulize daktari wake kama anahitaji EPA ya kuandikiwa.