Niliiga Udhaifu wa Deion Sanders Kabla ya Kupata Ubora Wake

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana wa Kitanzania anayesoma sekondari hapa Texas na kuichezea timu ya shule yake mpira wa Kimarekani, nafasi ya konabeki, yaani mlinzi wa pembeni anayemkaba mpokeaji wa pasi. Aliandika: "Shikamoo mjomba. Kocha ananigombeza kila siku kwamba siangushi watu. Lakini si Deion Sanders naye alikuwa hivyo hivyo, na bado wanamwita bora kuliko wote?" Anamsema konabeki nyota wa miaka ya 1990 katika NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani. Niliusoma ujumbe huo mara tatu, kwa sababu swali hilo nilijiuliza mimi mwaka 1997, na jibu nililojipa ndilo lililonitoa uwanjani.

Nilifika Dallas kutoka Tanga mwaka 1996, miezi michache baada ya timu ya mji huo, Dallas Cowboys, iliyokuwa na Deion, kuwafunga Pittsburgh Steelers 27 kwa 17 katika Super Bowl, yaani fainali ya ligi, na kila mtoto wa mtaani kwetu alitaka kuwa Deion. Mimi nilikuwa na mbio. Nalisema hilo bila haya, kwa kuwa hakuna aliyenishinda katika mita 100, si Tanga wala huku. Kocha alinipanga pembeni, nami nikamwiga Deion kwa kila kitu: kitambaa kichwani, mikogo, na zaidi ya yote ile tabia ya kujisogeza kando pindi mbeba mpira mwenye mwili mkubwa anapokuja kwa kasi.

Siku ya siku ikafika. Tulikuwa tukiongoza kwa alama 4, zikiwa zimebaki dakika chache, mbeba mpira wao alipozungukia upande wangu. Nilimnyooshea mkono mmoja kama mtu anayesimamisha daladala, naye akanipita kama daladala iliyojaa, akaenda kufunga. Kocha hakunipigia kelele. Alinionyesha benchi kwa kidole, na tangu siku ile sikuanza mchezo hata mmoja. Hadi leo naona alinionea kidogo, maana mlinzi wa nyuma naye alichelewa, lakini picha za video zilinionyesha mimi tu.

Kwa hiyo watu wanapobishana kuhusu Deion kwenye nyama choma zetu, nasikiliza kwa sikio la mtu aliyeungua. Wanaomponda huleta hesabu ya watu aliowaangusha, na hapo ndipo wanapokosea. Konabeki anayeangusha wapokeaji wengi huenda ni yule ambaye kwotabeki, yaani mrusha pasi wa wapinzani, amemwona kuwa mlango ulio wazi: pasi zinadakwa mbele yake kutwa nzima, naye anaangusha baada ya madhara kutokea. Kwa Deion pasi hazikurushwa ovyo, kwa sababu zilizorushwa zilikuwa na hatari ya kunaswa naye na kurudishwa. Mwaka 1994 akiwa na timu ya San Francisco 49ers alinasa pasi 6 za wapinzani, akazikimbiza yadi 303 na kufunga tachidauni 3, yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani mara tatu, kisha akachaguliwa mlinzi bora wa mwaka wa ligi nzima. Alistaafu na pasi 53 alizonasa, na mwaka 2011 akaingizwa katika Ukumbi wa Umaarufu wa mchezo huo, wanakoenziwa wachezaji bora wa historia.

Jambo la pili ni kazi aliyopewa. Konabeki anayemkaba mtu mmoja kwa mmoja mara nyingi huupa mpira mgongo huku akimfuata mpokeaji, kwa hiyo timu pinzani ikiamua kukimbia na mpira badala ya kupasia, yeye huwa wa mwisho kujua. Anayelinda eneo, kama konabeki Ronde Barber alivyofanya kwa miaka mingi katika timu ya Tampa Bay, humtazama kwotabeki muda wote, na ni wajibu wake kuziba pembeni ili mbeba mpira asipite. Barber alinasa pasi 47, na pia aliangusha kwotabeki kabla hawajarusha pasi mara 28, hesabu ambayo ni adimu mno kwa mtu wa nafasi yake. Kumpima Deion kwa kipimo cha Barber bila kuuliza nani alipewa kazi gani ni kumlaumu mvuvi kwa kukosa mahindi.

Hata hivyo, sitamtetea hadi mwisho. Zipo picha ambazo mbeba mpira anakuja moja kwa moja kwake naye anachagua usalama wake, na hakuna mpango wa ulinzi unaoweza kuzieleza. Timu zake zilikubali kulipa gharama hiyo kwa sababu alikuwa akiwafutia nusu ya uwanja. Wewe kijana, umewafutia nini?

Nisikilize basi. Mpira ukikimbizwa upande wako, usingoje ukufikie. Sogea, kwa sababu mwenye mbio akishapata nafasi ya kupinda hashikiki tena. Acha bega lako la nje likiwa huru, ili mbeba mpira alazimike kurudi ndani kwa wenzako wenye miili mikubwa. Inua kichwa, tazama kiuno chake, maana miguu na mabega hudanganya lakini kiuno hakidanganyi. Kisha mkumbatie kwa mikono miwili. Nasema miwili. Vijana wa siku hizi mnatazama vipande vya sekunde 15 vya mastaa wakisherehekea, na hamwoni kwamba mwili usiozoea kugongana mazoezini hautajitolea siku ya mchezo. Nenda kagongane na watu Jumanne, ili Ijumaa usinyooshe mkono mmoja.

Nilimwandikia yote hayo, kwa kirefu kuliko hapa, nikamwomba anitumie video ya mchezo wake ujao, hasa zile nafasi ambazo mpira ulikimbizwa upande wake. Alijibu, "Sawa mjomba." Juzi amenitumia video moja, ya pasi aliyoinasa.