Mwenye kupima ndiye wa kuogopwa

Swali lenu la wiki hii: katika miungu yote ya visa vya kale, yupi ungemwogopa zaidi? Najua Zeus na radi zake atapata kura nyingi. Yangu mpeni Lachesis.

Wagiriki walisema majaliwa ya mtu yamo mikononi mwa miungu watatu wa kike, Moirai. Clotho husokota uzi wa uhai, Lachesis huupima, Atropos huukata. Wengi humhofia huyo wa mwisho kwa kuwa ndiye mkataji. Mkasi hauna neno! Muulize fundi cherehani yeyote, atakwambia nguo huharibikia kwenye vipimo. Neno moira lenyewe maana yake ni fungu, nalo ni kama fungu la nyanya sokoni: limeshapangwa, wewe unalikuta tu mezani.

Kisa kinachonikaa rohoni ni cha Meleager. Apollodorus, mwandishi wa kale wa visa vya Wagiriki, anasimulia kwamba mtoto alipotimiza siku saba (siku ambayo wengi wetu huku pwani humfanyia mtoto akika), Moirai walikuja wakasema atakufa pale kigogo kinachowaka jikoni kitakapoteketea. Mama yake, Althaea, akakinyakua motoni, akakifungia sandukuni. Kijana akakua, akawa shujaa, siku moja kwenye ugomvi wa ngozi ya nguruwe mwitu akawaua wajomba zake. Mama yuleyule akafungua sanduku, akakirudisha kigogo motoni.

Mimi ni mkunga mstaafu, kwa hiyo Warumi ndio walionichekesha. Wao waliwaita Parcae, na Varro, mwanachuoni wao, alilihusisha jina hilo na kuzaa. Wawili ni Nona na Decima, yaani wa tisa na wa kumi, kwa hesabu ya miezi ya mimba. Wa tatu ni Morta, wa mauti. Wodi ya wazazi hapa, mochwari mlango wa pili.

Atropos naye nimemshika mkononi mara nyingi bila kumjua. Mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliupa mmea mmoja wenye sumu kali jina la Atropa belladonna, na kutoka jina hilo tukapata atropini, dawa ile ile tunayomchoma mgonjwa aliyedhurika na baadhi ya sumu za kuulia wadudu. Kumbe mkataji hubembelezeka kwa sindano.

Kipimo hakibembelezeki hata kwa pombe. Mungu Apollo alijaribu: aliwalewesha Moirai ili rafiki yake, mfalme Admetus, asife siku yake ikifika. Wakakubali, ila kwa sharti apatikane wa kufa badala yake. Baba mtu, mzee wa kuzeeka, akakataa. Mama akakataa. Mkewe, Alcestis, ndiye aliyekwenda. Wamelewa chakari, na hesabu yao haikupungua hata mtu mmoja.