Usiipige Mashine Meza ya Finn Juhl

Msomaji anayeishi Denmark ameniandikia. Amepata meza ya kuandikia ya miaka ya 1950, juu mtiki, chini fremu ya chuma, na muuzaji amemhakikishia kuwa ni kazi ya Finn Juhl, mbunifu wa samani wa Denmark. Ina alama nyeupe za vikombe na duara jeusi la chungu cha maua. Anauliza akodi mashine gani ya msasa.

Ndugu yangu, usikodi yoyote. Meza nyingi nzuri za zama zile hazikuuawa na mchwa wala maji. Ziliuawa na mashine, mchana mmoja, mikononi mwa mtu aliyezipenda.

Sababu ni hii. Juhl aliichora meza hiyo kwa ajili ya kiwanda cha Bovirke, kilichoanza kuitoa mwaka 1953, na uso wake ni vinia, yaani ganda jembamba la mbao lililogundishwa juu ya ubao mwingine. Vinia za namna hiyo kwa kawaida hazifiki hata milimita moja. Mashine yenye msasa namba 80 hula unene huo kabla hujageuka kuchukua kitambaa, na huanzia pembeni, ambako mkono huelemea bila mwenyewe kujua. Likishatokea doa la rangi ya maziwa, hapo umefika kwenye ubao wa chini, na hakuna mafuta wala vanishi itakayolificha.

Meza yoyote ya aina hii ikague kabla ya kuigusa. Inama utazame upande mfupi. Kama mistari ya nyuzi za juu inapinda na kushuka ukingoni, na unaona vichwa vya nyuzi, ni ubao mzima. Ikikatika kwenye ukanda mwembamba wa mbao, ni vinia. Usimwamini muuzaji anayesema "mbao tupu", amini ukingo.

Juhl (1912–1989) hakuwa seremala. Alisomea usanifu majengo Copenhagen, na kuanzia 1937 alikuwa akionyesha samani pamoja na fundi Niels Vodder, ambaye alijua kuzipa mbao maumbo ambayo wengi wangesema hayawezekani. Alipenda kukitenganisha kinachobeba na kinachobebwa, kiti kionekane kama kinaelea juu ya fremu yake. Ndiyo maana kingo zake ni za thamani kuliko kitu kingine. Ukizizungusha kwa msasa, umefuta mchoro wenyewe. Na huyu si mgeni kwetu kama tunavyodhani: Ukumbi wa Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa jijini New York ni kazi yake ya 1951 na 1952, na ni mbele ya Baraza hilo Mwalimu Nyerere alikwenda kuitetea Tanganyika Machi 1955. Inasikitisha kwamba hotuba tunaikumbuka na aliyeubuni ukumbi hatumtaji.

Sasa kazi. Anza na tapentaini na kitambaa cha pamba, ukifuata nyuzi, ukibadili kitambaa kila kinapokuwa cheusi. Mara nyingi ule "uchakavu" ni nta ya zamani na uchafu tu, na kazi huishia hapo. Alama nyeupe ni unyevu ulionaswa ndani ya rangi ya juu, haujafika kwenye mbao. Isugue na mafuta kidogo na msasa namba 400, kwa mkono, msasa ukiwa umefungwa kwenye kipande cha mbao bapa.

Duara jeusi ni jambo jingine. Hapo maji na chuma vimekutana na kemikali za mbao, na msasa hauwezi kulifikia bila kutoboa vinia. Tumia asidi ya oksaliki: kama gramu 90 kwa lita moja ya maji moto, katika chombo cha plastiki, glovu mikononi na miwani machoni. Ondoa kwanza mafuta na vanishi yote, la sivyo haitapenya. Paka uso wote, si doa peke yake, maana asidi hung'arisha mbao na utabaki na duara jeupe badala ya jeusi. Funika fremu ya chuma. Ikikauka, futa kwa maji safi mara tatu, bila kulowesha, na usubiri siku nzima. Usipige msasa kabla ya kufuta: vumbi la asidi hiyo huunguza pua na koo.

Vinia iliyoinuka hairudi kwa gundi peke yake, kwa sababu mtiki una mafuta yake ya asili yanayoikataa gundi. Ingiza kitambaa chembamba chenye asitoni chini yake, futa, ngoja dakika chache ikauke, kisha ingiza gundi nyeupe ya mbao kwa bomba la sindano. Weka karatasi ya nailoni, kipande cha ubao, jiriwa, na uache mpaka kesho yake.

Droo zenye nyuso za rangi usizipake upya hata kama zimechubuka. Juhl aliipa rangi uzito uleule alioupa mbao.

Mwisho paka mafuta ya kitani yaliyochemshwa, kidogo sana. Ngoja dakika 15, futa yote yaliyobaki juu, rudia kesho yake. Ukiyaacha juu yatakuwa gamu inayonata na kushika vumbi. Vitambaa ulivyotumia usivikunje kuvitupa kwenye pipa: mafuta ya kitani hupata joto yanapokauka, na vitambaa vilivyorundikwa huwaka vyenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikakamae, au vitie kwenye ndoo ya maji.